Uvumbuzi wa Ned Ulikosa Mwenyewe

Baada ya kipindi chetu kuhusu wavumbuzi weusi, swali moja lilijirudia kwenye ujumbe wenu: kama watumwa wa Marekani ndio walioshika jembe, nyundo na msumeno kwa zaidi ya miaka mia mbili, mbona majina yao hayaonekani kwenye hataza za wakati ule? Ina maana hakuna aliyebuni kitu?

Walibuni. Na mara moja swali hilo lilifika kabisa mezani, Washington, na mtu mmoja akatakiwa alijibu kwa maandishi. Aliitwa Joseph Holt. Alikuwa wakili, na kuanzia mwaka 1857 mpaka 1859 alikuwa Kamishna wa Hataza, yaani mkuu wa ofisi ya taifa ya hataza. Nimemchagua yeye kwa sababu hakuwa mjinga wala mtu wa matusi. Alikuwa msomi, mwandishi hodari, mchapakazi. Watu wa namna hiyo ndio wa kuwasoma kwa makini, maana wakikosea haki wanaikosea kwa utaratibu, na muhuri unagongwa vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Hataza, au patenti kama wengine wanavyosema, ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake kwa muda maalumu. Ukibuni mashine mpya, unaieleza wazi kwa michoro na maneno, na serikali nayo inawazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza bila ruhusa yako. Muda ukiisha, kitu kinakuwa cha wote. Wakati wa Holt muda ulikuwa miaka 14, na Kamishna alikuwa na uwezo wa kuongeza mingine 7 akiona mvumbuzi hakufaidika vya kutosha.

Wakili kutoka Kentucky

Holt alizaliwa Januari 1807 huko Kentucky, jimbo la watumwa. Alisoma, akawa wakili, akafanya pia kazi ya gazeti kidogo na ya uendeshaji mashtaka mjini Louisville. Katikati ya miaka ya 1830 akahamia Mississippi. Hapo nataka mtulie kidogo, kwa sababu Mississippi ya miaka ile ilikuwa pamba tupu. Ardhi mpya ilikuwa imefunguliwa baada ya wenyeji Wahindi Wekundu kuondolewa, watumwa walikuwa wakiletwa kwa maelfu kutoka majimbo ya zamani, na kila kitu kilikuwa kinanunuliwa kwa mkopo. Penye mikopo mingi, wakili halali njaa. Holt alipata pesa nyingi sana kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1840 alirudi Kentucky karibu kama mstaafu, na hata miaka arobaini alikuwa hajafika. Lakini miaka ile ilimpa pia majonzi. Kifua kikuu kilimuua mke wake wa kwanza, na yeye mwenyewe kilimgusa.

Alikuwa na watumwa wake. Hilo halikuwa ajabu kwa mtu wa tabaka lake, na ndiyo maana nalitaja bila kupiga kelele.

Rais James Buchanan alipoingia madarakani mwaka 1857, Holt alikuwa amemuunga mkono, na zawadi ikawa Ofisi ya Hataza. Ofisi yenyewe ilikuwa kwenye jengo kubwa la mawe lenye nguzo kama hekalu la Kigiriki. Jengo bado lipo, na leo ni makumbusho ya picha na sanaa ya Smithsonian. Ukiwa Washington ingia, ni bure. Siku zile watu walikwenda kutazama maelfu ya mifano midogo ya mashine ndani ya makabati ya vioo, kwa kuwa mwombaji wa hataza alitakiwa alete mfano wa kitu chake.

Barua ya Stuart

Agosti 1857, mtu mmoja aitwaye Oscar Stuart aliandika barua kutoka Mississippi. Alikuwa mwenye shamba, na mwanasheria pia. Aliiandikia wizara iliyosimamia Ofisi ya Hataza, ambayo waziri wake, Jacob Thompson, alikuwa mtu wa Mississippi vilevile. Stuart alisema mtumwa wake, fundi aitwaye Ned, amebuni chombo cha kupalilia pamba. Kilikokotwa na farasi, na kiliweza kushughulikia pande mbili za tuta kwa mpigo mmoja. Kwa hesabu ya Stuart, watu wawili na farasi wawili wangefanya kazi ya watu wanne na farasi wanne.

Angalia kitu kimoja: Stuart hakudanganya. Angeweza kuandika jina lake, akaapa kwamba ni yeye aliyebuni, na huenda hakuna ambaye angejua. Wako wengi wanaoshukiwa kufanya hivyo. Yeye alisema wazi kwamba mbunifu ni Ned, halafu akaomba hataza apewe yeye Stuart. Hoja yake ilikuwa fupi: bwana anamiliki matunda yote ya kazi ya mtumwa, ya mikono na ya akili. Kama pamba anayovuna Ned ni yangu, basi na wazo lililo kichwani mwa Ned ni langu.

Hoja hiyo inatisha, lakini ndani ya sheria za Mississippi ilikuwa na mantiki yake. Kama mtu ni mali, mbona akili yake isiwe mali?

Sheria ya hataza ya mwaka 1836, hata hivyo, ilikuwa na fomu yake. Ilimtaka mvumbuzi mwenyewe aape kwamba anaamini yeye ndiye mbunifu wa kwanza wa kitu hicho. Na ilimtaka aseme ni raia wa nchi gani. Haikusema lazima awe raia wa Marekani. Raia wa Marekani alilipa dola 30, raia wa Uingereza dola 500, wageni wengine dola 300. Ghali, lakini mlango ulikuwa wazi. Mfaransa angepita, Mjerumani angepita.

Ned je? Miezi mitano kabla ya barua ile, Machi 1857, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya Dred Scott. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba watu wenye asili ya Afrika, watumwa kwa walio huru, si raia wa Marekani wala hawawezi kuwa. Na Ned hakuwa na nchi nyingine. Kwa hiyo kwenye ile fomu, mahali pa kuandika uraia, Ned alikuwa chini hata ya mgeni. Sisi ambao tumekua tukijaza fomu za wazazi wetu, nadhani tunaelewa uzito wa kijistari kimoja kitupu.

Jibu la Holt

Holt alikataa ombi. Waziri Thompson akampelekea jambo hilo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jeremiah Black, na tarehe 10 Juni 1858 Black akatoa maoni yake. Ni mafupi mno, sentensi chache tu. Alisema anakubaliana kabisa na Kamishna: mashine iliyobuniwa na mtumwa, hata ikiwa mpya na yenye manufaa, haiwezi kupewa hataza kwa sheria ilivyo. Akaongeza kwamba hata bwana akipewa hati hiyo, haitamlinda mahakamani.

Ukifuata hatua zake unaona jinsi kamba ilivyofungwa. Ned hawezi kuapa kama mvumbuzi anayetambulika, kwa hiyo hapewi hataza. Stuart hawezi kuapa kwa kuwa si yeye aliyebuni. Na Ned hawezi kumhamishia Stuart haki yake, maana mtumwa hafungi mkataba, na huwezi kutoa usichokuwa nacho. Mwisho wa siku chombo kipo, kinapalilia shambani, lakini kwa sheria hakikubuniwa na mtu yeyote.

Hapa wengine watasema: si afadhali? Holt alimnyima mwenye mtumwa. Kweli, alimnyima. Ila hakufanya hivyo kwa ajili ya Ned. Hakuna aliyemuuliza Ned neno lolote. Jina lake la pili halipo, neno lake mwenyewe halipo, na kilichompata baadaye hakijulikani. Tunamjua kwa sababu moja tu: mtu mwingine aliomba kumiliki alichokiwaza.

Mwezi uleule, mpira

Sasa njoo kwenye kesi iliyomfanya Holt asifiwe. Juni hiyohiyo ya 1858, hataza ya Charles Goodyear ilikuwa inafikia miaka 14. Goodyear ndiye aliyegundua kwamba ukichanganya mpira na salfa halafu ukautia joto, hauyeyuki wakati wa jua wala haukatiki wakati wa baridi. Kabla ya kufanikiwa alihangaika miaka na miaka, akauza vitu vya nyumbani, akafungwa jela mara kadhaa kwa madeni. Na baada ya kufanikiwa wengine walimwibia hadharani, na pesa nyingi zikaishia kwenye kesi. Akaomba aongezewe miaka 7.

Viwanda vya mpira vilipinga. Holt akasikiliza pande zote na kuandika uamuzi ambao magazeti yaliuchapisha, kwa uzuri wa lugha yake. Alieleza mateso ya mvumbuzi huyo kwa huruma kubwa: umaskini wake, kudharauliwa, jinsi alivyoshikilia wazo lake wakati kila mtu alimwona kichaa. Alisema kwa namna yake kwamba taifa lina deni kwa watu kama hawa. Akampa miaka 7.

Mimi nilipoziweka tarehe hizi mbili pamoja ndipo nilipomwelewa Holt. Hakuwa mtu asiyejua uchungu wa mbunifu kunyang'anywa kitu chake. Aliujua kuliko karibu kila mtu Washington, na aliuandika vizuri kuliko wote. Kwa Goodyear aliona kwanza mtu, halafu akatafuta sheria inasema nini. Kwa Ned aliona kwanza fomu, na fomu ilipokosa nafasi ya kumweka, kazi ikaishia hapo.

Pamba ile ilikwenda wapi

Msidhani habari hii ya pamba iko mbali na kwetu. Kitambaa ambacho bibi zetu wa pwani walikiita merikani, au marekani, kile cheupe kisicho na urembo, jina lake ndilo hilo unalolifikiria. Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha Zanzibar marobota ya kitambaa na kuondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Kitambaa kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini, na pamba yake ilitoka kusini, kwenye mashamba ya watumwa. Halafu merikani ikapanda bara kwa mabega ya wapagazi, ikawa kama pesa mpaka Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi.

Na Zanzibar nako kulikuwa na akina Ned. Neno kibarua tunalitumia kila siku. Linatokana na barua, kwa maana ya kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa. Katika karne ya 19 wengi wa vibarua wa mjini Zanzibar walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Hoja ya Stuart, kwamba kazi ya mtumwa ni ya mwenyewe, ilijulikana vizuri pande zote mbili za bahari. Milango ya Mji Mkongwe tunapiga nayo picha. Nani aliichonga yote, na nani alilipwa?

Kusini wakaandika sheria yao

Stuart hakukaa kimya. Bila hataza, alianza kuuza chombo hicho akikiita kwa jina lake mwenyewe, jembe na kipalilio cha Stuart. Kwenye tangazo la mwaka 1860 aliweka ushuhuda wa mteja aliyefurahi kwamba chombo kimebuniwa na mtumwa, maana kinawaumbua wanaodai kuwa utumwa unadumaza akili. Mteja akauliza kwa kejeli, tangu lini mtu mweusi aliye huru akabuni kitu?

Jibu lilikuwa limelala kwenye jengo la Holt. Thomas Jennings, fundi cherehani mweusi wa New York aliyekuwa huru, alipata hataza ya njia ya kusafisha nguo mwaka 1821. Alipofariki mwaka 1859, Frederick Douglass alikumbusha kwamba hati ile ilimtambua kama raia wa Marekani. Norbert Rillieux wa Louisiana alipata hataza miaka ya 1840 kwa mitambo iliyobadilisha utengenezaji wa sukari. Ila mteja wa Stuart hakuwa anatafuta jibu.

Majimbo ya Kusini yalipojitenga mwaka 1861, yaliunda ofisi yao ya hataza, na ikaongozwa na mwanasheria mwingine, Rufus Rhodes, aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya Washington. Sheria yao ya Mei 1861 iliziba lile pengo: mtumwa akibuni kitu, bwana wake aape kwamba mtumwa ndiye aliyekibuni, na hataza apewe bwana. Yaani walikiri kwa maandishi ya bunge kwamba mtumwa ana akili ya kubuni, na kwa sentensi ileile wakaichukua.

Holt aligeuka?

Holt mwenyewe hakukaa sana kwenye hataza. Mwaka 1859 akawa Waziri wa Posta, na mwanzoni mwa 1861, serikali ya Buchanan ikiwa inasambaratika, Waziri wa Vita. Watu wengi wa asili yake walikwenda Kusini. Yeye alibaki na Muungano, na maneno yake yalisaidia kuizuia Kentucky isiondoke. Septemba 1862 Abraham Lincoln akamfanya Mwanasheria Mkuu wa Jeshi. Mwaka 1865 ndiye aliyeongoza mashtaka ya waliopanga kumuua Lincoln. Wanne walinyongwa, mmojawapo mwanamke, Mary Surratt, na lawama za kesi ile zilimfuata Holt maisha yake yote. Ushahidi wa ofisi yake ndio uliofanya zawadi ya dola 25,000 itangazwe kwa atakayemkamata Jacob Thompson, yule waziri wa Mississippi aliyepokea barua ya Stuart. Dunia ilikuwa imegeuka kweli.

Lakini karatasi ninayoitaka ni ya Agosti 1863. Serikali iliuliza: inaweza kuwaandikisha watumwa jeshini? Holt akajibu ndiyo, kwa misingi miwili. Kwanza, watumwa ni mali, na serikali vitani inaweza kuchukua mali. Pili, watumwa ni watu, na kila mtu ana wajibu wa kuilinda nchi.

Watu! Neno ambalo miaka mitano nyuma halikupatikana kwenye faili la Ned. Sheria za utumwa zilikuwa hazijafutwa Kentucky kwao. Katiba haikuwa imebadilika hata herufi. Kilichobadilika ni haja: sasa serikali ilihitaji kitu kutoka kwa mtumwa, badala ya mtumwa kuhitaji kitu kutoka kwa serikali. Karibu askari weusi 180,000 walipigana upande wa Muungano, na siwezi kumnyima Holt sifa yake hapo. Ila tusome karatasi zote mbili. Ukiulizwa kutoa haki, unaambiwa sheria haina nafasi yako. Ukitakiwa kutoa damu, nafasi inapatikana.

Majina yakaanza kurudi

Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865 na uraia kuthibitishwa mwaka 1868, kile kikwazo kilikwisha. Hata hivyo hati za hataza hazikuandika rangi ya mtu, kwa hiyo wavumbuzi weusi walikuwa ndani ya makabati yaleyale bila kuonekana. Aliyewatafuta ni Henry Baker. Alizaliwa Mississippi mwaka 1857, jimbo lilelile na mwaka uleule wa barua ya Stuart. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Howard, na alianza kazi Ofisi ya Hataza kama mnakili, akapanda hadi kuwa mkaguzi msaidizi. Kwa miaka mingi alikusanya majina, na ofisi ikatuma barua kwa mawakili wa hataza kuwauliza: kati ya wateja wako, nani ni mweusi? Hadi maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 orodha ilikuwa na mamia ya hataza.

Holt alifariki Washington tarehe 1 Agosti 1894. Siku tisa baadaye, katika mji uleule, mbunge wa South Carolina aitwaye George Washington Murray alisimama Bungeni na kuingiza kwenye kumbukumbu rasmi orodha ya hataza 92 za watu weusi. Murray alizaliwa mtumwa. Na kwenye orodha hiyo mlikuwa na hataza zake mwenyewe, za zana za kilimo cha pamba.

Jina la Ned halimo. Orodha ya hataza haiwezi kumrudisha mtu ambaye hataza ilimkataa. Ndiyo maana mkikuta kabati halina majina ya watu fulani, msikimbilie kuuliza kwa nini hawakubuni kitu. Ulizeni kwanza fomu iliandikwaje, na nani alikaa mezani kuipokea.